Umri wa abiria na mihadhara ya baharini: mwongozo kamili wa kuchagua meli ndogo ya kifahari

Anayetaka safari ya meli ndogo ya kifahari huuliza kwanza chumba kina ukubwa gani, chakula kikoje, na kama vinywaji vimo ndani ya bei. Hayo yote yamo kwenye brosha. Yasiyomo ni mawili, nayo ndiyo huamua kama utarudi umeridhika: utakaa mezani na watu wa umri gani, na siku ambayo huoni nchi kavu mbele wala nyuma utasikiliza nini.

Nawaandikia hasa Waswahili walioko Uingereza, Marekani, Ujerumani na Ghuba wanaofikiria kujizawadia baada ya kustaafu au kumlipia mzazi, na wale wa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam ambao mfuko unaruhusu. Msimamo wangu nauweka mbele: jina la kampuni halikuambii mengi. Ratiba ndiyo inayosema. Urefu wa safari, mwezi wa kuondoka na idadi ya siku za baharini vitakueleza umri wa wenzako na wingi wa mihadhara kuliko tangazo lolote.

Hatua ya 1: Jua "ndogo" ni ndogo kiasi gani

Meli kubwa za familia siku hizi hubeba abiria zaidi ya 5,000. Ukilinganisha na hizo, hata meli za bahari za Viking zenye abiria 930 hivi huitwa ndogo. Lakini ngazi ni nyingi. Seabourn Ovation huchukua watu 600 hivi, Seabourn Venture 264, meli za Ponant kama Le Lapérouse 184, na zile mbili za SeaDream 112 kila moja. Hebridean Princess, inayozunguka visiwa vya Uskoti, haizidi wageni 50 hivi. Malkia Elizabeth II aliikodi mwaka 2006 na tena 2010.

Idadi hii ina uzito kwa sababu moja. Katika meli ya watu 900 kila mtu hupata wa kufanana naye, hata akiwa na miaka 38. Katika meli ya watu 100, usipopata wenzako hadi siku ya pili, hakuna ukumbi mwingine wa kukimbilia. Kwa hiyo kadiri meli inavyopungua ukubwa, ndivyo swali la umri linavyopaswa kuulizwa mapema zaidi.

Hatua ya 2: Soma kanuni za umri kabla ya kutazama picha

Baadhi ya kampuni zimeshakuamulia. Viking haichukui aliye chini ya miaka 18. Saga ya Uingereza ni ya waliofikisha miaka 50, ingawa mwenzi anayefuatana nao anaweza kuwa na 40 na kitu. Oceania, ambayo meli zake ni za wastani, ilitangaza kwamba nafasi mpya kuanzia Januari 2026 ni za watu wazima tu.

Nyingine hupokea watoto lakini kwa masharti. Kampuni nyingi zinataka mtoto awe ametimiza miezi 6, na miezi 12 ikiwa safari ina siku kadhaa mfululizo bila kufika bandarini. Kwenye meli za uvumbuzi, yaani zile zinazoshusha watu kwa boti za mpira mahali pasipo na gati, mtoto mdogo anaweza kuruhusiwa melini lakini asiruhusiwe kupanda boti, jambo linalomfunga mzazi mmoja ndani siku nzima. Mjamzito naye aulize: kampuni nyingi hazimchukui ambaye atafikia wiki ya 24 kabla safari haijaisha.

Umri wa juu je? Ni nadra kampuni ya meli kuweka kikomo. Anayeweka kikomo ni mwenye bima. Bei ya bima hupanda haraka baada ya miaka 70, na wapo wasiokata kabisa bima kwa aliyezidi umri fulani. Mzazi wako akiwa na miaka 82, tafuta bima kwanza, kisha ndipo ushike nafasi melini.

Hatua ya 3: Soma umri ndani ya ratiba

Hapa ndipo penye kazi. Hakuna kampuni inayochapisha wastani wa umri wa kila safari. Shirika la kampuni za meli za kitalii, CLIA, hutaja wastani wa miaka 46 hivi kwa abiria wote duniani, lakini ndani ya hesabu hiyo wamo watoto wote wanaocheza kwenye mabwawa ya meli kubwa za Karibi. Kwa anayepanga kupanda meli ya watu 200, takwimu hiyo haina kazi.

Anza na urefu. Mtu mwenye ajira hapati likizo ya siku 40. Kwa hiyo safari za kuzunguka dunia, ambazo huanza Januari na kuzidi siku 100, ni za wastaafu, na wengi wao wamevuka miaka 70. Safari ya wiki mbili mwezi Mei au Septemba huvuta wenye miaka 55 hadi 75 ambao watoto wao wameshaondoka nyumbani. Usiku 7 katika Mediterania mwezi Julai ni mambo mengine: utakuta mawakili na madaktari wa miaka 45, na watoto wao pia, kwa sababu shule zimefungwa. Krismasi na Pasaka ni hivyo hivyo, hata kwenye meli ambayo mwaka mzima haioni mtoto.

Kisha tazama bandari ya kuanzia. Mahali panapofikika kwa ndege moja kutoka London au New York huvuta wenye haraka. Ushuaia kusini mwa Ajentina, Longyearbyen katika visiwa vya Svalbard, au Mahé ya Shelisheli hudai siku ya ziada kwenda na siku ya ziada kurudi, na mwenye siku za kutoa ni aliyestaafu au aliyejiajiri.

Meli za uvumbuzi huvuruga kanuni hii kidogo. Antaktika huwakuta pamoja mpiga picha wa miaka 33 aliyekusanya fedha kwa muda mrefu na bibi wa miaka 80 anayekamilisha bara lake la saba. Wanachofanana ni miguu yenye nguvu na udadisi. Na kampuni mpya zilizotoka kwenye biashara ya hoteli, kama Ritz-Carlton iliyoanza na Evrima mwaka 2022 ikiwa na nafasi za wageni 298, huuza safari fupi zenye kuogelea na muziki wa usiku, hivyo wageni wake kwa kawaida ni wadogo kuliko wa Seabourn au Silversea.

Ukishakuwa na makisio yako, yathibitishe. Kampuni inazo tarehe za kuzaliwa za kila aliyeshika nafasi. Haitakupa majina, lakini wakala wa safari anayejua kazi yake anaweza kupiga simu na kuuliza: walio chini ya miaka 18 ni wangapi hadi sasa? Kuna kundi kubwa lililokodi vyumba vingi kwa pamoja? Swali la pili husahaulika, nalo ni zito. Kundi la watu 60 wa chuo kimoja ndani ya meli ya watu 180 hubadilisha safari nzima, na mara nyingine huja na mhadhiri wao wenyewe ambaye wewe hutakaribishwa kumsikiliza.

Jambo moja nalisema kwa watu wetu. Sisi hatukulelewa kuogopa kukaa na wazee. Sebule ya meli hizi baada ya chakula cha usiku ni kama baraza: mtu aliyekuwa balozi, mwingine rubani, mwingine mkunga, na hadithi haziishi. Ukitaka muziki hadi saa nane za usiku, hapo si pako. Ukitaka mazungumzo, mwenye miaka 40 anaweza kuwa na raha kubwa kati ya watu wa 75.

Hatua ya 4: Tambua aina tatu za mihadhara

Desturi ya kuweka wasomi melini ina mizizi miwili. Mmoja ni Swan Hellenic ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1954 kupeleka watu kwenye magofu ya Ugiriki wakiwa na wataalamu wa mambo ya kale. Miongoni mwa wahadhiri wake wakuu alikuwa Sir Mortimer Wheeler, mwanaakiolojia yule yule aliyepita pwani ya Tanganyika mwaka 1955 na kustaajabia vigae vya kauri za Kichina vilivyotapakaa Kilwa. Jina hilo la Swan Hellenic limefufuliwa katika miaka ya karibuni kwa meli mpya, mojawapo SH Minerva ya wageni 152. Mzizi wa pili ni Lars-Eric Lindblad, aliyepeleka watalii Antaktika mwaka 1966 na kujengewa meli yake, Lindblad Explorer, mwaka 1969. Yeye aliweka wanasayansi ndani ya safari yenyewe, wakishuka na abiria hadi kwenye barafu.

Tofauti hiyo ipo hadi leo, na inafaa uijue unapolinganisha. Aina ya kwanza ni mhadhiri mgeni: profesa mstaafu, mwandishi wa habari, balozi wa zamani. Husimama ukumbini kwa dakika 45 hivi, hupokea maswali, kisha huonekana tena siku nyingine ya baharini. Seabourn huiita programu yake Seabourn Conversations. Viking humweka mwanahistoria wa kukaa naye safari nzima. Aina ya pili ni kikosi cha uvumbuzi, wanabiolojia na wanajiolojia ambao pia huendesha boti za mpira. Anayekueleza nyangumi asubuhi ndiye atakayekushika mkono mchana ukishuka ufukoni, na jioni kabla ya chakula kikosi kizima hukutana na abiria kupitia yaliyoonekana siku hiyo. Kwangu aina hii ndiyo yenye faida zaidi, kwa sababu swali linalokujia ukiwa umesimama mbele ya pengwini hujibiwa papo hapo.

Aina ya tatu ni mazungumzo ya bandari. Hayo mara nyingi ni matangazo ya matembezi ya kulipia. Yana manufaa yake, utajua wapi pana teksi na wapi pana jua kali, lakini ukiona ratiba iliyojaa "mihadhara" ambayo yote ni ya namna hii, ujue umeuziwa jina tu.

Hatua ya 5: Mpime mhadhiri kabla ya kulipa

Mhadhiri mgeni kwa kawaida halipwi mshahara wa maana. Malipo yake ni safari: chumba kwa ajili yake na mwenzi wake. Kwa hiyo hupatikana mabingwa wanaofanya kwa mapenzi, na hupatikana pia watu wenye picha nzuri na maelezo ya kuokota. Kampuni hutaja majina miezi kadhaa kabla, na masharti yake husema wazi kwamba yanaweza kubadilika. Usinunue safari kwa sababu ya jina moja. Nunua ikiwa mada nzima inakuvutia na orodha ina watu wawili watatu.

Litafute jina lake mtandaoni. Ameandika nini kuhusu mahali pale hasa? Mtu wa historia ya vita vya Ulaya anayepangiwa kuzungumzia Bahari ya Hindi atasoma ulichoweza kusoma mwenyewe.

Sisi tuna kipimo ambacho abiria wengine hawana. Ziko safari ndogo zinazopita Shelisheli, Bukini (Madagaska), Komoro, Zanzibar na wakati mwingine Kilwa Kisiwani. Ukipata muhtasari wa mhadhara kuhusu pwani ya Waswahili, angalia anaanzia wapi. Akisema miji hii ililetwa kamili na wageni kutoka ng'ambo ambao waliwakuta wenyeji hawana kitu, huyo anasoma vitabu vya zamani. Uchimbaji wa Shanga katika kisiwa cha Pate, uliofanywa na mwanaakiolojia Mark Horton miaka ya 1980, ulionyesha mji uliokua hatua kwa hatua kutoka kijiji cha wenyeji, na misikiti ya miti iliyotangulia ya mawe. Mwaka 2023 uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale kutoka pwani na bara lake, uliotolewa katika jarida la Nature, ulionyesha kuchanganyika kwa akina mama wengi wa Kiafrika na wanaume wenye asili ya Uajemi kuanzia mwaka 1000 hivi. Mhadhiri anayestahili ataeleza yote mawili, atataja Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman huko Kilwa, na kupita kwa msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, kisha atakuambia mahali wataalamu wanapobishana. Akifaulu kwenye pwani unayoijua, unaweza kumwamini zaidi kwenye zile usizozijua.

Na ikiwa wewe mwenyewe ulifundisha historia ya pwani au uliongoza watalii Mji Mkongwe kwa miaka, na Kiingereza chako kinatiririka, fahamu kwamba kampuni hizi hupokea maombi, moja kwa moja au kupitia mawakala wa wahadhiri. Watataka kuona video yako ukizungumza, orodha ya mada tano au sita, na picha ulizo na haki nazo. Mawakala wengine hutoza ada kwa kila siku ya safari, kwa hiyo soma mkataba.

Hatua ya 6: Hesabu siku za baharini

Chukua ratiba na kalamu. Siku ya baharini huwa na mihadhara miwili au mitatu, kwa kawaida mmoja katikati ya asubuhi na mwingine alasiri. Siku ya bandarini huwa hakuna, au upo mmoja jioni meli ikishang'oa nanga. Usiku 7 wenye bandari 7 maana yake karibu hutasikia kitu, hata kampuni ijisifu vipi. Safari ya Antaktika ya usiku 10 kutoka Ushuaia ina siku mbili za kuvuka Mlango wa Drake, bahari kati ya Amerika Kusini na Antaktika, wakati wa kwenda na mbili za kurudi, na nne hizo hujaa mihadhara, kwa wale ambao tumbo linawaruhusu kukaa ukumbini.

Huko kusini mengine ni lazima: kabla ya kushuka kila abiria husikiliza maelezo ya kanuni za IAATO, chama cha kampuni za utalii wa Antaktika, husafisha viatu na nguo, na hufundishwa kukaa angalau mita 5 mbali na pengwini. Wanaoruhusiwa ufukoni kwa wakati mmoja ni 100, na meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu kabisa. Meli ya watu 190 hushusha kwa zamu mbili. Ya 400 humaliza saa nyingi mkiwa mnasubiri. Wastaafu wenye subira hawalalamiki. Vijana hulalamika.

Anayependa mihadhara na hana fedha nyingi atazame safari za kuhama. Kila masika na vuli meli huhamia bahari nyingine kufuata majira, kwa mfano kutoka Karibi kwenda Mediterania. Hizo zina siku 6 au zaidi za bahari tupu, bei kwa usiku hushuka, wenye haraka hawazitaki, na wahadhiri huwa wengi. Wenzako watakuwa watu wazima sana. Kwangu hiyo ndiyo biashara bora kuliko zote katika ulimwengu huu wa meli ndogo.

Hatua ya 7: Lugha na masikio

Hakuna meli ya aina hii yenye mihadhara ya Kiswahili. Ponant huhudumia kwa Kifaransa na Kiingereza, jambo linalowafaa wasomaji wa Kongo na Burundi. Hapag-Lloyd huendesha mambo yake kwa Kijerumani, ingawa Hanseatic inspiration huwa na Kiingereza pia. Nyingi zilizobaki ni Kiingereza. Mzazi ambaye Kiingereza chake ni cha sokoni asipelekwe peke yake. Uliza kama mihadhara hurekodiwa na kurushwa kwenye runinga ya chumbani. Nyingi hufanya hivyo, na mtoto anaweza kuisimamisha na kumfasiria mama yake taratibu.

Hatua ya 8: Mwili na makaratasi

Kupanda boti ya mpira ni kushikana na baharia kifundo kwa kifundo cha mkono, kukanyaga ukingo, kukaa, kisha kusogea. Jaribu nyumbani: panda na ushuke ngazi ndefu mara kadhaa bila kushika ukuta. Asiyeweza achague meli ya kufunga gatini. Meli za uvumbuzi hudai fomu ya daktari, na bima lazima ilipie kuhamishwa kwa dharura, kwa sababu daktari wa melini ana zahanati, si hospitali.

Kwa pasipoti za Kenya, Tanzania na jirani zetu, viza ndiyo huangusha wengi. Safari inayotoka Athens, ikagusa Istanbul na kurudi Ugiriki, imetoka Schengen, eneo la viza moja la nchi nyingi za Ulaya, na kuingia tena. Viza ya kuingia mara moja haitoshi. Svalbard ipo nje ya Schengen ingawa ni ya Norwei, hivyo anayepitia Oslo anahitaji viza ya kuingia mara mbili. Aliyekosa viza ya bandari, hata moja tu kati ya zote, huweza kuzuiwa kupanda, na fedha hazirudi. Beba pia cheti cha homa ya manjano.

Mahitaji ya chakula, halali au cha mwenye kisukari, yaandikwe miezi miwili au mitatu kabla. Usingoje mpaka uwe mezani.

Hatua ya 9: Bei, na anayesafiri peke yake

Bei ya mtu mmoja kwa usiku mara nyingi huanzia dola 500 na kupanda, na Antaktika huzidi sana hapo. Bei hiyo hukadiriwa kwa watu wawili chumba kimoja. Mjane au asiye na mwenzi hutozwa ziada inayoweza kufika mara mbili ya nauli, ila kampuni huipunguza kwenye safari zisizojaa, na zisizojaa ni zile ndefu na zile za kuhama. Mwambie wakala akupe orodha ya safari ambazo ziada imepunguzwa kabla hujamwambia unataka kwenda wapi.

Hatua ya 10: Ukishapanda

Ratiba ya kesho huletwa chumbani jioni. Weka alama mihadhara yako usiku ule ule, maana saa hubadilishwa meli ikivuka kanda za saa, na wengi hukosa ule wa asubuhi kwa kusahau kurudisha au kusogeza saa. Kaa safu tatu za mbele. Wahadhiri hula pamoja na abiria, na katika meli ya watu 150 ukimwalika mmoja mezani kwenu siku ya pili, kabla wengine hawajamzoea, kwa kawaida atakubali.